Jiwe Lililokonda kwa Siri

Wapo watu wakinenepa huambiwa wapunguze. Fundi huyu aliponenepa alipandishwa kazi, na anayetaka kubisha angoje kidogo, abishe akiwa na habari kamili.

Alikuwa fundi wa mizani. Karakana yao ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja la vumbi, meza mbili za mbao zilizochakazwa na bisibisi, na mizani za kila namna zikisubiri matibabu: za dukani zenye sahani za shaba, za buchani za kuning'iniza, na zile za jukwaa, za umeme, ambazo mtu au gunia hupanda juu na namba nyekundu zikatokea kwenye kioo. Nyuma kabisa, chini ya rafu ya makopo ya rangi, yalikaa mawe sita ya chuma yenye mishikio, kila moja kilo ishirini. Kanuni ya kazi ilisema hivi: mizani ya jukwaa ikishafunguliwa na kufungwa, sharti ipandishiwe mawe yote sita, isome mia na ishirini, ndipo irudi kwa mwenyewe. Kanuni nzuri sana. Ubaya wake ni mmoja tu, ilikuwa na uzito wa kilo mia na ishirini.

Mwenzake kazini alikuwa mwembamba hadi akaitwa Waya, mtu ambaye akigeuka ubavu inabidi umwite ujue kama bado yupo. Waya alikuwa na mgongo wa kulalamika. Siku moja, miaka tisa nyuma, alikuwa ameinama kunyanyua jiwe la kwanza alipomwona mwenziwe amesimama juu ya mizani anafunga kamba ya kiatu. Kioo kikasoma mia na ishirini kamili.

"Usishuke!" Waya akapiga kelele.

"Kuna nini? Nyoka?"

"Usishuke, nakwambia! Kaka, una kilo ngapi wewe?"

"Nitajuaje? Mimi napima vitu vya watu."

Wakayaleta mawe kuhakikisha. Mizani ilikuwa sawa, na mtu alikuwa sawa na mawe. Wakarudia wiki iliyofuata, yale yale. Wakarudia mwezi uliofuata, yale yale, zaidi au pungufu kwa kijiko cha sukari.

"Sasa niambie," Waya akasema, akijifuta jasho ambalo halijamtoka bado, "kwa nini nibebe mawe sita wakati kuna moja linalotembea lenyewe?"

Tangu siku hiyo akaitwa Jiwe, na mawe halisi yakapata likizo. Mizani ikitengenezwa, Waya huita, "Jiwe, panda!" Jiwe hupanda, hushusha mikono, hata kupumua hupumua kwa adabu. Waya hubonyeza kitufe cha kuifundisha mizani kwamba huyu hapa ndiye mia na ishirini, basi, kazi imeisha. Msicheke. Miaka tisa hakuna mteja aliyerudi kulalamika. Jiwe mwenyewe aliutunza uzito ule kama mwimbaji anavyotunza koo. Akiharisha haendi kazini. "Leo nina mia na kumi na nane na nusu," humtumia Waya ujumbe, "sifai." Kisha hula siku mbili kwa bidii ya mtu anayejiandaa kwa mtihani, akarudi akiwa amefaulu.

Kilichomharibia ni shimo. Mizani ya malori hufukiwa chini ya barabara, na fundi huingia chini yake kupitia tundu la mraba lenye kifuniko cha chuma. Panya walikuwa wamekata nyaya za mizani moja kama hiyo, Waya alikuwa kitandani na mgongo wake, basi Jiwe akaenda mwenyewe. Miguu ikaingia. Mapaja yakaingia baada ya majadiliano. Tumbo likagoma. Alikaa pale dakika arobaini, nusu mtu nusu barabara, wapakiaji wakimmwagia maji ya sabuni na kumvuta makwapani, madereva wakipiga honi nyuma. Mmoja akampiga picha, akaandika chini yake: "Mizani imekabwa na jiwe lake." Picha ilizunguka simu za mtaa mzima hadi ikamfikia mkewe. Mkewe alicheka hadi akakaa chini, kisha akauona uso wa mumewe, akanyamaza ghafla. Kunyamaza kule ndiko kulikomuuma.

Sasa, mke huyo alikuwa na mdogo wake wa kiume, kinyozi, mwenye duka la viti viwili, vioo vitatu na friji ndogo ya soda. Jiwe alipokwenda kunyoa Jumamosi ile, shemeji alizima mashine katikati ya kazi. Mjanja huyo. Mtu aliyenyolewa nusu kichwa hana pa kukimbilia.

"Shemeji, ile picha nimeiona."

"Nyoa."

"Nimeiona mara tatu."

"Nyoa, wewe!"

"Nina kitu chako." Akafungua friji, akasogeza chupa za soda, akatoa kichupa cha kioo kisichozidi kidole cha mtoto. Ndani mlikuwa na unga mweupe usiojaa kijiko. "Sindano ya kukonda. Si zile za kawaida, hii ni mpya kabisa. Hata matajiri hawajaipata, bado inajaribiwa huko ng'ambo. Haina hata jina, ina namba tu. Ikishapitishwa, miaka miwili ijayo, watu watapigana vikumbo. Wewe unaipata leo, kwa sababu tu umemwoa dada yangu."

Jiwe alikigeuza kichupa kwenye mwanga. Hapo ndipo pa kumhurumia, maana macho yake yalikuwa ya kazi, yaliona kila kitu. "Hapa kimeandikwa ni kwa utafiti wa maabara tu. Si kwa matumizi ya binadamu."

"Aa, hiyo wameandika ili watu wasiing'ang'anie."

"Utafiti gani?"

"Si ndiyo wewe, shemeji? Changamka!"

"Namba ya toleo iko wapi? Tarehe? Muhuri?"

"Muhuri uko njiani."

"Na nitapimaje?"

"Unachanganya na maji haya, unavuta mistari kumi kwenye bomba la sindano, mara moja kwa wiki."

"Mistari kumi ya nini? Maji hayo kiasi gani? Humu ndani mna dawa kiasi gani?"

"Mistari, shemeji! Mistari ni mistari. Jamaa wa duka la matairi anavuta kumi na tano, sasa hivi anavaa suruali za mwanawe. Ila ni siri. Ukisema, wote tunakosa."

Mtu huyu, ambaye angegoma kupimiwa vitunguu kwenye mizani isiyopigwa muhuri, ambaye aliwahi kumrudisha muuza nyama kwa ajili ya gramu arobaini, alilipa, akanyolewa upande uliobaki, akaondoka na kichupa ndani ya soksi. Akili alikuwa nayo. Tatizo alikuwa na ile picha pia.

Kichupa kikafichwa kwenye friji ya nyumbani, ndani ya kopo la siagi lililokwisha. Kila Jumamosi asubuhi Jiwe alijifungia bafuni akafungulia bomba la maji ili pasisikike kitu, kana kwamba sindano ina sauti. Wiki ya kwanza njaa iliondoka bila kuaga, kama mpangaji aliyekimbia kodi. Chakula kikitengwa anakitazama kama picha ya harusi ya watu asiowajua. Wiki ya tatu akaanza kucheua harufu ya yai bovu. Wiki ya tano moyo ukawa unakimbia hali mwenyewe ameketi.

Mkewe aliona. Mke gani asingeona?

"Baba watoto, unaumwa?"

"Nimeacha sukari."

"Umeacha sukari, au sukari ndiyo imekuacha?" Akaweka mikono kiunoni. "Nisikilize. Mwanamume akikonda ghafla na akawa anajifungia bafuni, ama anaumwa ama ana mtu. Kama unaumwa niambie nikuuguze. Kama una mtu niambie nimhurumie."

"Hakuna mtu."

"Basi huyo asiyekuwepo anakumaliza."

Kila Jumatano baada ya kazi Jiwe alipita duka la dawa lenye mizani iliyopigwa muhuri mwezi uliopita, akajipima. Mia na kumi na saba. Mia na kumi na tano. Alikuwa anatoka pale anatembea kama aliyeshinda uchaguzi. Lakini asubuhi yake karakanani Waya huita, "Jiwe, panda!" na hapo ushindi unageuka kesi.

Mwanzoni alijaza boliti na nati mifukoni kufidia. Kilo mbili za boliti si kazi, ila akitembea alisikika kama kabati la vyombo linahamishwa.

"Una nini leo?" Waya akauliza.

"Funguo."

"Funguo za gereza?"

Kisha siku moja akasahau kujaza. Akapanda mizani ya ghala la unga, ikasoma mia na kumi na saba. Waya akatazama kioo, akamtazama Jiwe, akatazama tena kioo. Ovaroli ya Jiwe ilikuwa imelegea kama hema lililovunjwa mti wa kati, lakini mtu unayemwona kila siku kwa miaka tisa huachi kumwona tu, unaacha hata kumtazama. Waya akasonya.

"Mizani za siku hizi uongo mtupu. Hii imepungukiwa kilo tatu." Akabonyeza kitufe, akaifundisha kwamba aliye juu yake ni mia na ishirini. Mizani, ambayo haikuwa na kosa lolote, ikakubali kudanganyika.

Jiwe akashuka. Aseme nini? Akisema amepungua, ataulizwa amepunguaje. Na akishakuwa si mia na ishirini, yeye ni nani pale? Ni fundi mnene wa kawaida, wako wengi. Akajiambia mchana Waya akienda kula atayachukua mawe ya chuma aisahihishe kimyakimya. Mchana ukafika. Akanyanyua jiwe la kwanza, akanyanyua la pili, akaona nyota. Akakaa chini, mgongo kwenye rafu ya rangi, mtu aliyezoea kubeba mawe mawili mkono mmoja. Alipopata nguvu za kusimama, ghala walishakuja kuchukua mizani yao.

Ikafuata ya muuza vyuma chakavu, Jiwe akiwa mia na kumi na tatu. "Nayo pia imekonda!" Waya akashangaa, akabonyeza. Ya tatu ilikuwa ya kituo cha afya cha jirani. Siku hiyo Jiwe alikuwa mia na tisa, na boliti hakuweza tena kuzibeba, zingemwangusha suruali.

"Kilo kumi na moja nzima!" Waya alikuwa anamwonea huruma mtengenezaji. "Hii walipimia wagonjwa kweli?"

"Waya..."

"Usitikisike, kaka." Akabonyeza. "Wewe Mungu akuweke. Vyuma vyote vinababaika, wewe hujasogea."

Ilikuwa Ijumaa. Jiwe akaapa kuirekebisha Jumatatu asubuhi na mapema, ampigie mtu simu aje abebe mawe, hata akilazimika kusema. Jumatatu alifika, nafasi ilikuwa tupu. Kituo walituma gari Jumamosi mchana, wakati yeye yuko nyumbani anavuta mistari, na safari hii alivuta kumi na miwili. Kwa nini kumi na miwili? Kwa sababu kumi ilianza kuzoeleka, alisema shemeji, na shemeji alijua kunyoa vizuri sana.

Jumanne akatapika. Jumatano akatapika hata maji, ila akajikokota hadi duka la dawa kujipima, mia na nane, maana mazoea ni kitu kibaya. Alhamisi asubuhi mkewe alisikia kishindo bafuni. Alivunja komeo kwa bega, akamkuta ameanguka kati ya ndoo na ukuta, midomo imekauka, suruali imebaki magotini.

"Twende."

"Wapi?"

"Usiniulize wapi. Vaa."

Kituo cha afya kilikuwa na benchi refu lililojaa, ukuta wa kijani hadi kifuani na mweupe juu yake, na mwishoni, mbele ya meza ya muuguzi, mizani ya jukwaa. Jiwe alikuwa na kizunguzungu, hakuitazama. Pembeni yake alikaa mama mmoja na binti yake wa miaka kama tisa, mwembamba, kichwa kimelala begani kwa mama. Mama yule alikuwa na habari njema, na habari njema haikai kifuani.

"Baba, pole. Na sisi tumekuja, tumbo tu linamsumbua tangu tuongezewe dawa. Lakini si neno. Kifua kilimtesa mwaka mzima huyu, kila tukipimwa hapandi, hapandi, kilo ishirini na nne na pointi sita mwezi mzima. Jumatatu hii unajua alikutwa na ngapi?"

"Ngapi?" Jiwe akauliza kwa adabu tu, amefumba macho.

"Ishirini na saba na pointi tatu! Karibu kilo tatu kwa mwezi! Nililia hapa hapa, waulize. Na kwa sababu amevuka ishirini na tano, Sista akaongeza kidonge cha nne. Ndicho hicho kinachomchafua tumbo, lakini mtoto anapona!"

"Hongera," akasema Jiwe.

"Mnene, njoo!" muuguzi akaita. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, asiyepoteza maneno. "Panda kwenye mizani."

Jiwe akapanda akishikiliwa na mkewe. Akainamisha macho. Kwenye pembe ya jukwaa palikuwa na mkwaruzo wa bisibisi alioutia kwa mkono wake mwenyewe. Kioo kikawaka.

"Mia na kumi na tisa," muuguzi akasoma, akaandika.

"Ngapi?" mkewe akauliza. "Na suruali inayomwanguka hii? Mia na kumi na tisa?"

Jiwe akasimama pale juu kama aliyegandishwa. Jana alikuwa mia na nane. Fundi wa mizani hata akiwa anakufa hesabu haimtoki: kwenye mizani hii kila kilo kumi za kweli zilikuwa zinasomwa kumi na moja. Yeye alikuwa mia na nane, imesoma mia na kumi na tisa. Na ishirini na saba na pointi tatu... Akageuka kumtazama binti aliyelala begani kwa mama yake. Binti alikuwa amekunja mkono juu ya tumbo.

Angeweza kunyamaza. Nataka mlijue hilo, msimwonee. Angeshuka, atibiwe, arudi kwa siri na mawe yake wiki ijayo. Benchi lilikuwa na watu kumi na wanane, nusu yao walikuwa nayo ile picha kwenye simu.

"Sista," akasema. "Usiandike."

"Nini?"

"Hiyo namba ni ya uongo. Hii mizani ni mbovu. Tangu Jumatatu inazidisha, kila mtu."

"Imetoka kutengenezwa," muuguzi akasema.

"Najua. Ilitengenezwa kwa kunitumia mimi."

Benchi zima likainua shingo. Akaeleza yote, amesimama juu ya mizani, akishikilia mlingoti wake kama mhubiri aliyechoka. Mawe sita. Kitufe. Boliti. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kueleza kukonda bila kueleza sindano, akaeleza sindano, na friji ya soda, na mistari.

"Kinyozi gani?" mkewe akauliza polepole.

Jiwe akatazama dari.

"Kinyozi gani, baba watoto? Mdogo wangu? Mimi miezi miwili na nusu namtafuta mwanamke, kumbe ni mdogo wangu?"

Akatoa simu, akapiga, akaweka sauti ya nje ili asibebe mzigo peke yake. Mlio wa mashine ya kunyolea ukasikika kwanza.

"Dada! Za asubuhi?"

"Ile sindano uliyompa mume wangu, wewe mwenyewe unajidunga?"

"Mimi?" Shemeji akashtuka kweli kweli. "Ah, dada, ile bado haijapitishwa!"

Benchi likalipuka. Mzee mmoja alicheka hadi bandeji ikamlegea. Muuguzi ndiye pekee ambaye hakucheka. Akaichukua simu.

"Sikiliza, kinyozi. Kuanzia sasa hivi huuzi. Vichupa vyote vilivyobaki unavileta hapa, pamoja na majina ya wote uliowapa. Yule wa matairi wa kwanza."

"Yule amelala tangu juzi, hajisikii..."

"Kamlete. Usimpigie, nenda kamlete." Akakata. Kisha akamgeukia Jiwe, akamkalisha, akamfunga mpira mkononi kutafuta mshipa. "Hao wanaoijaribu huko, baba, wanapimwa damu, wanapimwa moyo, wana daktari wa kumpigia wakizidiwa. Na dawa yao inajulikana ni kiasi gani na ni nini. Chako unajua kilikuwa na nini?"

"Unga mweupe."

"Basi hata mimi najua hivyo hivyo, na mimi ndiye natakiwa kukutibu. Moyo wako unakwenda mia na thelathini. Tulia."

Waya akaitwa. Alifika na mkokoteni wa kuazima, mawe sita ndani yake, akayaingiza moja moja, mkono mmoja kiunoni, akiugulia kila hatua ili asikosekane wa kumpa pole. Hakuna aliyempa. Akayapanga juu ya jukwaa. Kioo kikasoma mia na thelathini na mbili.

Waya akatazama kioo muda mrefu. Kisha, kwa mara ya kwanza kwa miezi mingi, akamtazama Jiwe: shingo, mashavu, vidole vilivyolegeza pete.

"Kaka," akasema, "ulikuwa unaenda wapi?"

"Bonyeza, Waya."

Akabonyeza. Mia na ishirini. Akatoa mawe, akarudisha, akatoa, akarudisha, bila kuambiwa. Kisha akaondoka na mkokoteni wake kuelekea ghala la unga, na kutoka hapo kwa muuza vyuma chakavu, na mgongo wake haukutajwa tena siku hiyo.

Ikabaki daftari. Tangu Jumatatu watu arobaini na mmoja walikuwa wamepimwa. Muuguzi akalifungua, akavuta kiti karibu na kitanda cha Jiwe, ambaye sasa alikuwa na dripu mkononi na ndoo miguuni. "Utagawanya wewe," akamwambia. "Mimi nasoma, wewe unagawanya, kila dawa iliyoandikwa kwa kilo naiangalia upya."

Wakaanza. Tisini na tisa. "Tisini," Jiwe akasema. Mwanamke mmoja kwenye benchi akaruka: "Huyo ni mimi! Rudia kwa sauti!" Sabini na saba. "Sabini." Kule nje watu wakaanza kushangilia kila namba, wanakonda mmoja mmoja wameketi, bila hata kuguswa. Mwingine ambaye hakupimwa kabisa wiki ile akadai naye agawanywe.

Muuguzi akafika kwenye mstari mmoja, akasita. Akainua macho juu ya miwani. "Huyu utamwambia wewe. Mama yake yuko hapo."

Jiwe akamwomba mkewe amwite. Mama wa binti akaja, binti mkononi, akasimama mbele ya kitanda. Kicheko cha nje kilikuwa hakijamfika. Alikuwa amekwisha kuelewa, ila alikuwa anangoja asikie.

"Mama," Jiwe akasema, "nisamehe. Ile ishirini na saba haikuwa yake. Ilikuwa yangu."

Mama akamvuta binti karibu.

"Kidonge cha nne Sista anakiondoa leo. Tumbo litatulia."

"Kwa hiyo hajapanda." Sauti ilikuwa ndogo.

Jiwe angependa sana kusema kitu kingine. Badala yake akamwomba binti apande kwenye mizani. Binti akavua viatu mwenyewe, akasimama wima kama alivyofundishwa, mikono chini. Muuguzi akasoma kwa sauti.

"Ishirini na nne, pointi nane."

"Mwezi uliopita ilikuwa pointi sita," Jiwe akasema. "Amepanda gramu mia mbili."

"Mia mbili," mama akarudia. Akamtazama mtoto, kisha akamtazama huyu mwanamume mkubwa aliyelegea na mpira mkononi. "Na hizo? Hizo nazo utakuja kuniambia wiki ijayo ni za nani?"

"Hizo ni zake."

"Una hakika?"

"Umeyaona mawe yakipanda, mama. Umeona kwa macho yako. Hizo ni zake."

Mama akamvisha binti kiatu kimoja, akamvisha cha pili, akafunga kamba taratibu. Alipoinuka akaweka kadi ya kliniki juu ya kitanda, akaigeuza upande wa mbele, akaisogeza hadi kwenye mkono wa Jiwe usio na dripu.

"Basi iandike," akasema. "Wewe mwenyewe. Na uandike wazi, babu yake hasomi maandishi madogo."